Korongo kwenye pembe, tausi kwenye chupa ya chai

Katika nyumba nyingi za Singida, kuanzia Utemini hadi Mwankoko, chupa ya chai ya Kichina haikai jikoni. Hukaa kwenye kabati la sebuleni, rafu ya juu, pamoja na vikombe vya wageni na sinia linalotolewa siku za shughuli. Ubavuni mwa chupa kuna ua kubwa jekundu lenye petali zilizobanana, na juu ya tawi wapo ndege wawili wanaotazamana. Sinia nalo lina tausi aliyekunjua mkia katikati ya maua. Mgeni humiminiwa chai, chombo husifiwa, kisha mazungumzo huhamia kwenye bei ya alizeti. Si rahisi kumsikia mtu akiuliza kwa nini mchoraji alichagua ua lile na si jingine, au kwa nini ndege ni wawili na si watatu.

Sababu ipo, na ni ya zamani kuliko chupa yenyewe. Kwa Wachina, ndege na mmea vinavyotiwa kwenye nakshi vimebeba heri: mali, umri mrefu, watoto, cheo, ndoa yenye amani. Mchoraji wa chupa alizipokea alama hizo kutoka kwa wachonga mbao, mawe na pembe waliomtangulia kwa karne nyingi. Mtu aliyekulia katika utamaduni ule huzisoma kwa kupita tu, kama mwanamke wa Kitanzania anavyosoma jina la kanga akiwa barabarani.

Vyombo hivyo vina historia yake ya kufika katikati ya Tanzania. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, haikupita Singida, lakini namna ilivyogharimiwa iligusa maduka ya nchi nzima. Sehemu ya gharama za ndani ilipatikana kwa kuuza bidhaa za China: bidhaa ziliagizwa kwa mkopo, zikauzwa kwa shilingi, na shilingi hizo zikaingia kwenye mradi. Ndivyo vyombo vya nyumbani na vitambaa kutoka China vilivyosambaa kupitia biashara ya umma, yakiwemo maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa, ambayo wazee bado wanayakumbuka kwa foleni zake. Reli ilijengwa kusini, maua yakaingia sebuleni Singida.

MAUA YANAYOOMBA

Ua jekundu la kwenye chupa ni peoni. Wachina hulihesabu kuwa mfalme wa maua, na tangu enzi ya watawala wa Tang, iliyoanza mwaka 618 na kuisha 907, lilipandwa kwenye bustani za wakubwa hadi mji wa Luoyang ukajulikana kwa ua hilo. Likichongwa kwenye mlango, kiti au sanduku la mahari, linamtakia mwenye nyumba utajiri na heshima.

Yungiyungi lina kazi nyingine. Linaota kwenye tope la bwawa, linatoka juu ya maji likiwa safi, na kwa sababu hiyo Wabudha walilifanya alama ya usafi wa roho. Mwanazuoni Zhou Dunyi, aliyeishi kati ya 1017 na 1073, aliliandikia sifa zilizolifanya kuwa pia alama ya mtu mwadilifu asiyechafuliwa na mazingira yake. Ua hilohilo limechongwa kwenye milango ya Zanzibar, ambako lilifika kwa njia ya India. Tofauti ipo kwenye ndege. Mafundi wa pwani, wengi wao wakiwa Waislamu, walijizuia kuchonga viumbe hai. Samaki huonekana, lakini ndege ni nadra. Mchongaji wa Kichina hakuwa na kizuizi hicho, ndiyo maana karibu kila tawi analochonga lina kiumbe juu yake.

Komamanga huchongwa likiwa limepasuka, mbegu zikionekana, kwa sababu mbegu nyingi ni watoto wengi. Fyulisi, au pichi kama wengi wanavyoliita, ni umri mrefu: katika hadithi za Kichina, Malkia Mama wa Magharibi ana bustani ya mafyulisi yanayoiva mara moja kila baada ya miaka 3,000, na anayeyala hafi. Mwanzi ni unyenyekevu na msimamo, kwa kuwa ndani uko wazi na kwenye upepo huinama bila kuvunjika. Ukichongwa pamoja na msonobari na ua la plamu, ambalo huchanua kungali na baridi, mimea hiyo mitatu huitwa marafiki watatu wa kipupwe, na humhusu mtu asiyebadilika siku za shida.

Kisha kuna kibuyu. Kwa familia za Wanyaturu na Wanyiramba kibuyu ni chombo cha maziwa na maji, na thamani yake iko kwenye kazi. Wachina nao walikitumia kubebea maji na dawa, lakini kwenye nakshi wakakipa mzigo mwingine. Kibuyu chenye kiuno, pamoja na mtambaa wake mrefu na mbegu zake nyingi, ni kizazi kinachofuata kizazi bila kukatika. Mafundi wao walifikia hatua ya kukifunga kibuyu kichanga ndani ya kalibu lililochongwa, kikakua kwa kujaza nakshi za kalibu, na kilipokauka kikawa kimechongwa bila kuguswa na kisu.

SAUTI MOJA, HERI MBILI

Baadhi ya alama hizi mtu wa nje hawezi kuzikisia hata akiangalia siku nzima, kwa kuwa hazitokani na sura ya kiumbe bali na sauti ya jina lake. Kichina kina maneno mengi yanayotamkwa sawa au kwa kukaribiana, na wachongaji waliitumia hali hiyo kwa ustadi.

Popo ndiye mfano unaotajwa zaidi, ingawa si ndege. Jina lake linasikika sawa na neno la baraka, na popo watano kwenye sahani au dari ni baraka tano: umri, mali, afya, uadilifu na kifo chema cha uzeeni. Kware husikika kama amani. Yangeyange, ndege mweupe ambaye aina yake moja hufuata ng'ombe kwenye malisho ya Singida, jina lake linafanana na neno la njia, na yungiyungi linafanana na neno la mfululizo. Yangeyange mmoja kati ya mayungiyungi, kwa hiyo, ni dua ya kijana afaulu mtihani mmoja baada ya mwingine njiani. Nakshi ya namna hiyo ilikuwa zawadi ya kufaa kwa mwanafunzi katika nchi ambayo kwa karne nyingi ilipata watumishi wake wa serikali kwa mitihani.

Ndege wawili wanaotazamana kwenye vyombo vya harusi mara nyingi ni bata mandarini, dume na jike. Wametumika kwa karne nyingi kama alama ya wanandoa wasioachana, na ndiyo sababu hawawi watatu. Wataalamu wa ndege wana habari isiyopendeza juu yao: dume huondoka kabla ya vifaranga kuanguliwa, akamwachia jike malezi yote. Wachongaji hawakulijali hilo.

Kuna pia ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, wa ukoo wa kunguru. Mtanzania anayemfahamu kunguru kwa kudokoa mboga angemfukuza. Mchina humchonga juu ya tawi la plamu kama mleta habari njema. Kwa bundi, hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana. Analia usiku kwenye paa la nyumba ya Singida na watu hawalali vizuri. Huko China naye alihesabiwa kuwa ndege wa mkosi, na kwenye fanicha ya harusi hana nafasi.

JOGOO NA KORONGO

Kama kuna ndege aliyeupa mkoa wa Singida jina, ni kuku wa kienyeji. Abiria wa mabasi wanamjua, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanamfuata. Kwenye nakshi za Kichina jogoo ana hadhi ambayo wafugaji wa Ikungi na Mkalama wangeipokea kwa furaha. Maandishi ya karne ya pili kabla ya Kristo, yanayonasibishwa na Han Ying, yanampa sifa tano. Kilemba chake ni kofia ya msomi. Kipi za miguuni ni silaha za askari. Hukabili adui aliye mbele yake, huo ni ushujaa. Akipata chakula huwaita wenzake, huo ni ukarimu. Na huwika kwa wakati bila kukosa, huo ni uaminifu. Kila aliyewahi kumwangalia jogoo uani anajua kwamba Han Ying alikuwa ameangalia vizuri.

Wakubwa wa serikali nao walivaa ndege. Mwaka 1391 utawala wa Ming uliagiza maofisa wa kiraia washone kifuani kipande cha mraba chenye ndege wa cheo chao, na wanajeshi wavae wanyama. Utaratibu huo ulirekebishwa na utawala wa Qing, ukadumu hadi mwanzo wa karne ya 20. Daraja la kwanza walivaa korongo, la pili fezanti wa dhahabu, la tatu tausi, la nne bata bukini wa porini, na la tisa, lililo chini kabisa, ndege mdogo mwenye mkia mrefu kama utepe. Mtu aliyeingia ofisini alijua anaongea na nani kabla ya kumtazama usoni, na nakshi ya korongo kwenye kiti au kabati ilikuwa njia ya kumtakia mtoto wa nyumba hiyo afike juu.

Korongo alikuwa juu tangu zamani. Mwaka 1112 Kaizari Huizong, mtawala aliyekuwa mchoraji hodari kuliko alivyokuwa kiongozi wa vita, alichora korongo 20 waliotokea juu ya lango la kasri lake mjini Kaifeng. Aliwachukulia kuwa ishara njema kwa utawala wake. Miaka 15 baadaye mji huo ulikuwa mikononi mwa wavamizi wa Kijurchen na Huizong mwenyewe ni mateka. Picha ilinusurika, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya mkoa wa Liaoning.

Nakshi inayopendwa zaidi humwonyesha korongo huyo mwenye utosi mwekundu akiwa juu ya msonobari, ndege wa umri mrefu kwenye mti wa umri mrefu. Kwa dua ni sawa, kwa maumbile haiwezekani: kidole chake cha nyuma ni kifupi na kimekaa juu, hawezi kushika tawi, hivyo hulala akiwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi. Makorongo wanaoweza kukaa mtini ni wale wenye taji, na wanaishi Afrika. Korongo taji wa kijivu, aliye kwenye bendera ya Uganda na anayeonekana pia katika maeneo oevu ya Tanzania, ana kidole kirefu cha nyuma na hulala juu ya miti. Mchongaji wa Kichina alibuni kitu ambacho huku kinatokea kila jioni.

PATASI INAVYOPITA

Mji wa Dongyang, katika jimbo la Zhejiang, umekuwa ukichonga mbao kwa zaidi ya miaka 1,000, na uchongaji wake uliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa utamaduni usioshikika wa China. Mafundi wa huko hawapaki rangi nzito. Huiacha mbao na uso wake wa asili ili mistari yake ionekane ndani ya bawa la ndege. Chaozhou, kusini, wanafanya kinyume: wanachonga tabaka juu ya tabaka, wanatoboa hadi mwanga unapita, kisha wanafunika kila kitu kwa utomvu wa laka na karatasi ya dhahabu.

Kazi yenyewe ina mpangilio ambao seremala yeyote wa Singida angeuelewa. Mchoro hubandikwa juu ya ubao. Fundi hupita mistari yake kwa patasi yenye ncha ya pembe, halafu hushusha mandhari ya nyuma ili umbo libaki limeinuka. Maumbo makubwa hutangulia: shina, mwili wa ndege, mkunjo wa jani. Bobari huviringisha kifua na petali. Manyoya huja mwisho, mstari mmojammoja, kwa patasi nyembamba, na hapo ndipo mkono unapopimwa, kwa sababu manyoya ya shingo ni mafupi na yamelaliana, ya bawa ni marefu na yamenyooka, na ya mkia yana mshipa katikati. Fundi mvivu huchonga yote sawa. Mteja anayejua hutazama shingo kwanza.

Jogoo bila uhai machoni hanunuliwi, na tawi lisilo na uzito wa ndege juu yake linaonekana limekufa. Ndiyo maana wanafunzi wa kazi hii huanza kwa kuchora, na wengi huchora ndege hai kwanza.

PEMBE ZA MGUNDA MKALI

Mbao ni malighafi moja. Kwa mamia ya miaka malighafi ya heshima kubwa zaidi kwa korongo, peoni na mayungiyungi ilikuwa pembe ya ndovu, na hapo Singida inaingia kwenye hadithi kwa mlango wa nyuma.

Mwarabu msafiri al-Masudi, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China, ambako wakubwa walizitumia kwenye machela zao. Pembe za ukanda huu zilisifiwa kwa ulaini: hazivunjiki ovyo chini ya kisu na hupokea mstari mwembamba kuliko za misitu ya magharibi.

Katika karne ya 19 misafara mikubwa ya pembe ilitoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kwenda Bagamoyo. Kabla ya kufika Ugogo ilipaswa kuvuka Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lenye vichaka vizito na maji ya kubahatisha. Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Sehemu kubwa ya pori hilo leo iko Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilivuka na meno ya ndovu mabegani. Kutoka Zanzibar mzigo ulitawanyika: mwingine Bombay, mwingine London, mwingine Marekani, ambako mji wa Ivoryton katika jimbo la Connecticut ulijengwa na kazi ya kutengeneza vibonyezo vya piano. Pembe za Afrika zilifika pia Guangzhou, kusini mwa China, kwenye mikono ya wachongaji.

Guangzhou ilijulikana kwa kazi moja isiyoaminika machoni. Fundi huchukua mpira wa pembe usio na kiungo, akatoboa matundu yanayoelekea kitovuni. Kisha huingiza kisu kilichopinda ncha kupitia matundu hayo, akatenganisha tabaka la ndani kabisa, halafu linalofuata, hadi juu. Mwisho anabaki na mipira mingi, mmoja ndani ya mwingine, yote ikizunguka peke yake, yote ikitokana na kipande kimoja. Tabaka la nje hujazwa maua, joka na feniksi, ndege wa hadithi anayemwakilisha malkia.

Ukanda zilikotoka pembe uliendelea kulipa. Pori la Akiba Rungwa, lililoanzishwa 1951, pamoja na jirani zake Kizigo na Muhesi, ni sehemu ya mfumo mmoja wa ikolojia na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sensa ya 2009 ilikuta tembo zaidi ya 31,000 katika mfumo huo. Ya 2013 ilikuta takriban 20,000. Nchi nzima idadi ilianguka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Katika miaka hiyohiyo tabaka la matajiri wapya wa China lilikuwa linanunua nakshi za pembe kama zawadi na kama akiba.

Tanzania yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe ipigwe marufuku, na marufuku ikapitishwa. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mjini Doha, iliomba ruhusa ya kuuza karibu tani 90 za pembe kutoka ghala la Serikali, ikakataliwa. Februari 2019 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara wa Kichina aliyepewa na vyombo vya habari jina la Malkia wa Pembe, pamoja na Watanzania wawili, kwa kesi iliyohusu vipande 860 vya pembe.

Korongo wa umri mrefu amechongwa mara nyingi kwenye jino la mnyama aliyeuawa kabla ya wakati wake. Heri ilikuwa ya mnunuzi. Gharama ilibaki Rungwa.

BAADA YA 2017

Tarehe 31 Desemba 2017 China ilifunga biashara yake halali ya ndani ya pembe za ndovu. Karakana zilizokuwa na leseni zilifunga milango, na wachongaji wakahamia kwenye mifupa ya ng'ombe, mbao, na pembe za mamothi, tembo wa kale wanaofukuliwa kwenye barafu ya Siberia. Alama hazikubadilika. Peoni ni ileile, korongo ni yuleyule.

Kilichobadilika ni presha kwenye miti. Soko kubwa la nakshi za Kichina leo ni fanicha ya mbao ngumu nyekundu na nyeusi, na Dongyang ni moja ya vituo vyake vikuu. Orodha rasmi ya China ya mbao za daraja hilo ina mti ambao Watanzania wanaujua vizuri: mpingo, uleule wa vinyago vya Kimakonde na wa zumari za Ulaya. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, maana yake hausafirishwi nje bila kibali maalumu. Mkurungu, mti wa misitu ya miombo unaotafutwa kwa wekundu wake, ulifuata mwaka 2019.

Si kila ubao unaovunwa unaishia China. Vitanda, milango na makabati ya mninga ya nchini hula mbao nyingi. Kwa hiyo swali la mti linamhusu mnunuzi wa Singida sawa na wa Shanghai.

ALIZETI KATIKA NAKSHI

Mmea unaoitambulisha Singida zaidi ni alizeti, na nao umewahi kubeba ujumbe mzito China. Ulitoka bara la Amerika, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umeshaandikwa kwenye vitabu vya mimea vya Kichina, kwa hiyo haumo kwenye orodha ya kale ya peoni na yungiyungi. Ulipata maana yake mpya katika miaka ya 1960, kwenye mabango, beji na vikombe vya bati: Mwenyekiti Mao akiwa jua, wananchi wakiwa alizeti zinazomgeukia.

Msanii Ai Weiwei, aliyekua katika zama hizo, aliuchukua mfano huo akaupindua. Mwaka 2010, katika ukumbi wa Tate Modern mjini London, alimwaga sakafuni mbegu milioni 100 za alizeti. Hazikuwa mbegu. Kila moja ilikuwa ya kauri, imefinyangwa na kupakwa mistari kwa mkono katika mji wa Jingdezhen, kwa kazi ya watu wapatao 1,600. Kwa mbali zilikuwa rundo la kijivu. Ukiinama, hakuna mbili zilizofanana. Mkulima wa Singida aliyezoea kupima alizeti kwa gunia angeelewa upesi ukubwa wa kazi hiyo.

Huu ni ushahidi kwamba orodha ya alama haijafungwa. Wachina waliongeza mmea wa kigeni kwa sababu ulikuwa na la kusema katika maisha yao. Maseremala wa Singida wanayo nafasi hiyohiyo, na kwa sasa hawaitumii. Kwenye michago ya vitanda vyao kuna waridi, makopa na mara nyingine peoni iliyonakiliwa kutoka kwenye simu bila kujulikana jina lake. Mashine za kuchonga kwa kompyuta zimerahisisha unakili huo, kwa kuwa mchoro ukishaingizwa hutoka uleule kwenye kila kitanda.

Ilhali malighafi ya alama iko mlangoni. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yote ya maji ya chumvi na yote ndani ya mji, hutembelewa na heroe, ndege wa rangi ya waridi mwenye shingo ndefu anayefaa nakshi kuliko ndege wengi wa China. Bonde la Wembere, upande wa Iramba, hupokea makundi makubwa ya ndege wa majini mvua zikiwa nzuri. Dudumizi, ambaye wakulima humsikiliza wakingoja mvua, hajawahi kupata nafasi kwenye mlango. Jogoo wa kienyeji hali kadhalika. Alizeti iko kwenye chupa za mafuta na kwenye mashamba, lakini kwenye mbao ni adimu.

Anayeagiza kitanda, kabati au mlango mwaka huu anaweza kuanza yeye. Amwambie fundi aweke waridi pembeni, achonge heroe au alizeti, na amlipe kwa muda wa kuchora. Kabla ya kutoa malipo ya awali, aombe kuona alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwenye ubao au hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Fundi aliyenunua mbao zake kihalali anavyo vithibitisho hivyo, na hatakasirika kuulizwa.